Vijiti Vyekundu Nje ya Uzio

Mwaka wangu wa kwanza kwenye bustani, paa walikula sukuma wiki yangu yote kwa siku mbili. Siku ya kwanza walianza na miche ya pembeni, kwa adabu, kama wageni wanaoonja. Siku ya pili wakarudi wakamaliza. Nilipofika Jumamosi asubuhi na kisu na mfuko wangu, nilikuta mistari minne ya vishina vitupu. Niliwatukana kwa Kitaita, kwa Kiswahili, na kwa yale maneno machache ya Kiswidi ambayo binti yangu ananikataza kuyasema mbele za watu.

Waswidi humwita mnyama huyo rådjur. Mimi namwita paa, maana ana umbo la paa: miguu myembamba, macho makubwa, masikio yasiyotulia. Huku Hässelby, pembezoni mwa Stockholm, mwisho kabisa wa reli ya kijani, wamejaa. Hutoka msituni, huvuka njia ya baiskeli, hula maua makaburini, kisha hulala nyuma ya maghorofa yetu kama wapangaji.

Watu hudhani kwamba kwa kuwa nimetoka Kenya, lazima napenda wanyama. Jikoni ninakofanya kazi, kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, mwenzangu aliwahi kuniuliza kama nawakumbuka tembo. Nikamwambia ndiyo, nawakumbuka vizuri sana. Nilikulia chini ya milima ya Taita, kwenye shamba ambalo tembo walilipitia kila mahindi yalipokaribia kukomaa. Nyanya yangu alikuwa na debe la kuwafukuzia, na alikuwa amelipiga miaka mingi hata likabonyea, halishiki tena maji. Kwetu mnyama wa porini alikuwa mwizi anayelindwa na serikali. Sikuja Ulaya kubadilisha mawazo hayo.

Basi nikafanya ambacho ningefanya nyumbani: nikapigana. Nilinunua wavu mweusi wa nailoni, laini kama wa kuvulia dagaa, nikauzungusha kiploti changu chote na kuufunga kwenye vigingi. Mwaka wa pili sukuma ilinawiri. Nikakata, nikagawa kanisani, nikajiona nimeshinda.

Mwezi wa nane wa mwaka huohuo, asubuhi, nilikuta paa dume amenaswa kwenye wavu wangu. Alikuwa mchanga, pembe zake fupi kama vidole vyangu. Wavu ulikuwa umezisokota pembe, ukashuka shingoni, na mguu mmoja wa nyuma ulikuwa umevunjika kwa jinsi alivyojitahidi kujinasua. Hakulia. Alikuwa akihema tu, ubavu ukipanda na kushuka haraka haraka, na udongo wote kumzunguka ulikuwa umechimbwa kwa kwato.

Jirani wa kiploti cha pili aliwapigia polisi. Katika nchi hii paa akiumia hupigiwa polisi, nao humtuma mwindaji aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Nilitarajia mwanamume. Akashuka kwenye gari mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mfupi, kaptura na buti za mpira, bunduki begani. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa ameendesha basi la mji kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu.

Alimtazama yule mnyama, kisha akatugeukia. "Wavu huu ni wa nani?"

Jirani yangu akatazama mawingu.

"Ni wangu," nikasema.

"Wengine nendeni mpaka getini. Wewe kaa hapa, utanisaidia kubeba." Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Geuka kama hutaki kuona."

Sikugeuka. Wavu niliufunga kwa mikono yangu. Niliona si haki nimwachie mtu mwingine sehemu hii ya mwisho. Risasi ilikuwa moja. Tulimkata kutoka kwenye nyuzi, yeye kwa kisu chake na mimi kwa kisu cha sukuma, tukambeba hadi kwenye gari. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Binti yangu alikuwa na uzito huo akiwa darasa la kwanza.

Nilipokwisha kunawa mikono nilimwambia yule mwindaji nilichokuwa nacho moyoni, na kilitoka kwa hasira. "Wanakula kila kitu. Nifanye nini? Nilime ili nilishe wanyama?"

Hakunibembeleza. Alinyoosha kidole kupita uzio, upande wa msitu. "Unaona pale? Mwaka juzi palikuwa na kichaka kirefu, mita mia mbili, kuanzia mtaroni mpaka barabarani. Wakaja na mashine wakakifyeka chote, ili watu wanaotembeza mbwa waone mbele vizuri. Paa walikuwa wakila pale majira yote ya baridi, na kujificha, na kuzalia humo. Sasa wamebaki na nyasi, barabara, na bustani zenu."

"Kwa hiyo kosa ni la waliofyeka."

"Kosa ni la waliofyeka, na wavu ni wako." Akafunga mlango wa nyuma wa gari. "Ukitaka kitu cha kufanya, nipigie mwezi wa tatu."

Aliniandikia nambari yake nyuma ya risiti. Niliiweka kwenye droo ya vijiko nikasema moyoni kwamba sitampigia. Siku ile ile nikaung'oa wavu wote nikautia kwenye mfuko wa taka. Paa walimaliza sukuma iliyobaki kabla ya wiki kwisha, nami sikuwatukana.

Mwezi wa tatu nilimpigia.

Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara ya zamani, na nyuma ya banda lake kulikuwa na ua mrefu wa vichaka visivyo na majani, matawi yake yamekolea rangi kati ya zambarau na damu, yamesimama kwenye theluji iliyoanza kulegea. "Kornell," akasema. "Hii ni ile ya msituni, siyo ile ya kwenye maegesho ya magari inayotambaa na kuziba kila kitu. Usichanganye. Paa hupenda ncha zake wakati wa baridi. Ukiikata inachipua mara mbili. Tawi moja ukilichomeka ardhini, ni kichaka."

Alinifundisha kukata. Tawi la mwaka jana, unene wa penseli, urefu wa kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Chini kata sawasawa, karibu na kifundo. Juu kata kwa mshazari, ili usisahau upande upi ni juu.

"Kama muhogo," nikasema.

"Muhogo ni nini?"

Nikamweleza jinsi tulivyokata pingili za muhogo na kuzichomeka ardhini mvua zikianza, na jinsi nyanya alivyotuchapa tulipozichomeka kichwa chini. Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayesikia habari za kazi yake mwenyewe. Kisha akaniuliza udongo wetu ulikuwa wa namna gani. Nilikuwa nimeishi Stockholm miaka kumi na minane, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nami nikamuuliza lililokuwa likinisumbua. "Unawapandia ili baadaye uwapige risasi?"

"Ndiyo. Vuli napiga mmoja, labda wawili, nakula nyama. Wengine wanabaki na chakula na mahali pa kulala." Hakuonyesha haya yoyote. "Anayekwambia anawapenda kuliko hivyo, muulize amewapandia nini."

Jibu hilo sikulipenda, lakini sikuona uongo ndani yake. Nilirudi nyumbani kwa basi na vijiti arobaini vilivyofungwa kwa gazeti bichi.

Na vijiti hivyo arobaini niliviua vyote. Niliona nje bado kuna baridi, nikavihurumia. Nikavipanda kwenye makopo ya maziwa, nikayapanga dirishani jikoni, juu ya hita. Baada ya wiki mbili vikatoa majani. Nilishangilia, nikapiga picha, nikamtumia dada yangu Voi, naye akanijibu, "Vizuri, lakini vinaliwa?" Wiki iliyofuata majani yakalegea. Nikamwagilia zaidi. Mwisho nikakivuta kimoja, kikatoka bila mzizi hata mmoja, safi kama kalamu.

Yule mwindaji alicheka kwenye simu mpaka akakohoa. "Umevipika! Kijiti kinataka baridi juu na unyevu chini. Kikipata joto kinatoa majani kabla ya mizizi, kinakula akiba yake, kinakufa. Usikihurumie. Njoo mwakani."

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Nilipokuwa nayatupa makopo alisimama mlangoni na kuniambia kitu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu Kiswidi, na hivyo ndivyo nyumba yetu inavyokwenda tangu baba yake alipohama. "Mama, achana nayo. Siyo kazi yako."

"Nani amesema siyo kazi yangu?"

"Hakuna aliyekuomba."

"Vizuri," nikamwambia. "Basi hakuna wa kunikataza."

Mwaka uliofuata sikuhurumia kitu. Nilikata vijiti themanini siku ya upepo mkali, nikavipeleka moja kwa moja kwenye kiploti changu, pale palipokuwa na sukuma. Nilichanganya udongo na mchanga, nikavizamisha mpaka yakabaki macho mawili tu ya kuchipulia juu. Vilikaa hivyo mwezi mzima bila kusema lolote. Mwezi wa tano vikafumbua. Mwezi wa sita nilichimbua kimoja kwa ncha ya kidole, nikakuta mizizi myeupe kama nyuzi za tambi. Katika themanini, hamsini na viwili vilishika. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo nikala chapati niliyobeba, peke yangu, na sikumbuki chapati nyingine iliyokuwa tamu namna ile.

Kisha barua ikaja.

Bustani zetu zina chama, na chama kina mwenyekiti, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole ambaye hajawahi kumgombeza mtu ana kwa ana. Huandika barua. Barua ilisema kwamba wanachama kadhaa wameona ninaotesha vichaka vinavyojulikana kuvutia paa, kwamba hilo linakwenda kinyume na maslahi ya pamoja, na kwamba ninaombwa kwa hisani niviondoe. Ilisema pia kwamba vuli hiyo mkutano utajadili kuongeza urefu wa uzio hadi mita mbili.

Niliisoma mara tatu, nikampa binti yangu aisome ili nijue kama nimeielewa. Alikuwa ameielewa vizuri kuliko mimi. Uso wake ulibadilika. "Wanaandika 'kwa hisani'," akasema, "maana yake ni amri."

Nilimpigia mwenyekiti. Nikamwambia vijiti hivi sitavipanda ndani, ni kitalu tu; vikikua vitahamishiwa nje, kule kulikofyekwa. Akasema ile ardhi ya nje siyo ya chama. Nikasema basi chama kiandike barua kwa wenye ardhi, kwa kuwa kinajua sana kuandika barua. Akasema kwa upole kwamba naweza kulileta pendekezo hilo mkutanoni, kama mwanachama mwingine yeyote.

Nikalileta.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi mdogo wenye harufu ya kahawa na mdalasini. Tulikuwa watu kama thelathini. Binti yangu alikuja nami. Alisema anakuja kwa ajili ya mikate. Alikuwa amenirekebishia hotuba yangu, akaichapa, sentensi zote zimenyooka kama nguo zilizopigwa pasi. Nilisimama nikaitazama ile karatasi, nikaona siyo mimi ninayesema pale. Nikaikunja. Nikasema kwa Kiswidi changu mwenyewe, na makosa yake yote.

Nilisema: "Mimi nimekula hasara ya paa kuliko nyinyi wote. Na mimi nimeua paa kwa wavu wangu, wengine mlikuwepo mkaona. Mnataka uzio wa mita mbili. Sawa, wekeni. Paa ataondoka hapa, ataenda wapi? Kule hakuna kichaka. Atasimama barabarani. Atarudi kwenye makaburi ya mama zenu. Mimi nasema tumpe chakula nje ili asiwe na haja ya ndani. Vichaka ninavyo tayari. Kazi nitafanya mwenyewe. Naomba barua moja tu."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akamgeukia mwenzake, akauliza kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, "Anasema nini?"

Kabla sijafungua mdomo, binti yangu alikuwa amesimama. Bado alikuwa na kipande cha mkate mkononi.

"Mmesikia vizuri," akasema. "Amesema mwandike barua moja. Na amesema kwa Kiswidi."

Akakaa. Hakuna aliyeuliza tena.

Tulipiga kura. Pendekezo langu lilipata mikono miwili: wangu, na wa mzee mmoja wa Kifini ambaye baadaye aliniambia alidhani tunaulizwa nani anataka kahawa zaidi. Binti yangu hakuwa mwanachama. Hata hivyo alikuwa ameunyoosha mkono wake, juu kabisa, na katibu alilazimika kumweleza kwamba hauhesabiwi. Hakuushusha. Uzio wa mita mbili ulipita. Nikapewa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi kuondoa vichaka.

Tulipokuwa tukitoka, mwenyekiti alinifuata mlangoni. "Natumaini hukuchukulia vibaya," akasema.

"Nimechukulia vibaya," nikamwambia. "Na ule uzio wa zamani mtautupa?"

Akashangaa. "Ndiyo, utakwenda kwenye chuma chakavu."

"Msiutupe. Nauchukua mimi."

Hakujua jinsi ya kukataa kitu ambacho tayari walikuwa wameamua kukitupa.

Mahali pa kupanda nilipatafuta kwa miguu. Nilikuwa nimechoka na barua. Jumapili tatu baada ya ibada nilitembea pembezoni mwa msitu nikitazama ni ardhi ya nani. Ya tatu nilifika kwenye zizi la farasi, kama dakika kumi kutoka bustanini, na nyuma ya malisho nikaona mtaro wenye maji na ukanda wa ardhi mtupu uliofuata mtaro huo mpaka kwenye miti. Mwenye zizi, mwanamke wa rika langu, alikuwa ameinama akisafisha kwato za farasi mweupe. Hakuinuka. Niliuambia mgongo wake kila kitu: wavu, vijiti, mkutano, mikono miwili.

"Farasi akila hiyo kornell anakufa?" akauliza.

"Mwindaji amesema hapana."

"Paa huja hapa kila siku. Farasi wamewazoea." Akadondosha mguu wa farasi, akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza akanitazama. "Panda ng'ambo ya mtaro. Ukivuka upande huu nakutoza kazi ya kuzoa mavi."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu yote. Hakuna karatasi.

Niling'oa vichaka vyangu hamsini na viwili wiki ya mwisho niliyopewa, nikavitia kwenye ndoo na mifuko ya udongo, nikavisafirisha hadi kwenye roshani yetu kwa kigari cha sokoni, safari saba. Majira ya baridi yote roshani ilikuwa msitu mdogo uliofunikwa magunia. Hatukuweza kufungua mlango wake zaidi ya nusu. Binti yangu alilalamika kila siku, na kila siku baridi ilipozidi alikuwa yeye wa kwanza kutazama kama magunia yamefunuliwa na upepo.

Mwezi wa nne, Jumamosi, wakaja wanawake watano wa ushirika wetu wa Kiswahili. Tunakutana kila Jumapili ya pili, Wakenya, Watanzania, Wakongo, Warundi, kila mtu na Kiswahili chake. Nilikuwa nimewaambia tunakwenda kupanda, nao walikuja na majembe ya kukopa na sufuria ya pilau. Rafiki yangu mmoja kutoka Bukavu, mama mnene wa kicheko kikubwa, alikiinua kichaka kimoja akakigeuza huku na huku.

"Dada, mon Dieu. Hizi fimbo za kuchapia watoto ndizo tumekuja kuzika?"

"Ni chakula cha paa."

"Cha banyama?" Akatazama wenzake kama anayetafuta shahidi. "Batu kwetu banakosa chakula, weye unapandia banyama ya Wazungu?"

Lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulijibu kwa mzaha. Nilimwambia kwamba kile ninachotuma nyumbani nimeshatuma na nitaendelea kutuma. Nikamwambia kuhusu yule dume mchanga, jinsi alivyochimba ardhi kwa kwato. Nikamwambia kwamba nimeishi hapa kama mgeni kwa muda mrefu kiasi cha kutosha, nikiomba samahani kila nikikohoa, na kwamba mgeni hapandi kitu kinachochukua miaka mitano kukua. Mimi napanda.

Kisha akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akatemea mate viganjani. "Lete jembe. Lakini pilau nakula wa kwanza."

Tulipanda mpaka saa tisa. Na hapa ndipo ilipokuwa sehemu ambayo watu hawaielewi nikiwasimulia: jambo la kwanza ukishapanda chakula cha paa ni kuwazuia paa wasikile. Kichaka kichanga kikiliwa ncha mwaka wa kwanza hakiinuki. Sikutaka tena kuona wavu machoni mwangu. Tuliukata ule uzio wa zamani wa chama, waya mgumu wenye kutu ambao hauwezi kumfunga mnyama, tukazungushia vichaka kwa makundi, na mapengo tukayaziba kwa matawi ya misonobari. Mwenye zizi alitoka kutuangalia mara moja. Alikuta wanawake sita wa Kiafrika na msichana mmoja wakivuta waya huku wakiimba pambio. Akarudi ndani, akatoka na birika la kahawa.

Kumi na moja vilikufa kiangazi hicho kwa ukame, ingawa nilibeba maji kutoka mtaroni kila nilipotoka zamu ya asubuhi. Vitatu vilikanyagwa na mbwa. Nilikata vingine, nikaziba mapengo. Mwenyekiti aliniandikia tena, akiuliza kama ni kweli nimepanda vichaka karibu na bustani. Nikamjibu kwa mstari mmoja: ni kweli, na ukitaka kuviona nitakuonyesha njia.

Majira ya baridi ya tatu tukauondoa waya. Vichaka vilikuwa vimenipita kimo, matawi yameingiliana, na ndani yake palikuwa na giza la kutosha kumficha mnyama. Niliogopa. Nilimpigia mwindaji, ambaye sasa goti lake lilikuwa limemshinda na hakuwa akitembea mbali, nikamwambia, "Nimeondoa. Sasa watavimaliza."

"Wacha wale," akasema. "Ndiyo kazi yake."

Wiki mbili baadaye theluji ilianguka, ikaganda juu, ikawa ngumu kama sahani. Nilikwenda asubuhi moja ambayo sikuwa na zamu. Ncha zilikuwa zimeng'atwa kila mahali, zimechanika kidogo kama anavyong'ata paa, kwa kuwa hana meno ya mbele juu. Palikuwa na mavi yake meusi, na mashimo matatu ya mviringo kwenye theluji chini ya matawi, mahali walipolala. Sikumwona paa hata mmoja. Mkono wangu wa zamani, ule wa kutafuta kitu cha kuwarushia, ulishtuka wenyewe. Nikauingiza mfukoni. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikitazama ncha zilizoliwa, moja moja, na nilijivuna. Sitasema neno jingine. Nilijivuna.

Sitadanganya kwamba bustani za chama zimepona. Paa bado huingia, geti likiachwa wazi, na kila mara ikitokea kuna atakayesema ni wale wa yule mama Mkenya. Wengine hawanisalimii. Lakini yule mama wa mstari wa mbele, aliyeuliza ninasema nini, alikuja vuli iliyopita kwenye uzio wangu na kuuliza kama ningemkatia vijiti kumi. Ana kibanda mashambani. Nilimkatia ishirini. Nilimwonyesha juu na chini, nikamwonya asiviweke juu ya hita, na alinielewa neno kwa neno.

Sasa kuna habari mpya. Wamepima ardhi kando ya mtaro na kuchomeka vigingi vyenye rangi ya machungwa. Wanataka njia ya baiskeli ipite pale, na theluthi moja ya vichaka vyangu imo ndani ya mstari. Mwenye zizi alinipigia simu, sauti yake nzito, akidhani nitalia. Nilimuuliza wanaanza lini. Akasema baada ya kiangazi. Kwa hiyo nina mwezi huu wa tatu mzima. Jana nilinoa mkasi wa kupogolea, leo nimekata vijiti mia moja na ishirini kutoka sehemu watakayoifyeka, na kesho nakwenda kuzungumza na mwenye shamba aliye ng'ambo ya barabara. Sijamjulisha kwamba nakuja.